Mwana Kupona Hakuajiriwa Hotelini

Ukipata kazi Lamu, iwe ya kupika, kutandika vitanda, kuongoza wageni au kushika usukani wa boti, jambo la kwanza utakalofundishwa si kazi yenyewe. Utafundishwa kunyamaza. Mshahara ni sitara, utaambiwa. Hauulizwi, hautajwi, na ukiutaja mbele ya mwenzio umekosa adabu. Meneja aliyeshuka juzi kutoka Nairobi au Milan, ambaye bado anapotea akitoka Mkomani kwenda Langoni, neno hili sitara ashalijua. Kiswahili chake kizima ni jambo, asante na sitara.

Na ukibisha, kuna mtu mzima atakayekuletea Mwana Kupona. Katika mji wetu utendi wa yule bibi ndio kitabu cha adabu, na hata asiyewahi kuusoma anautaja kama aliyeuhifadhi. "Kwani wewe hukusoma Mwana Kupona?" Nimeambiwa hivyo mara mbili, na mara zote mbili aliyeniambia alikuwa ameulizwa habari za pesa. Kwa hiyo nikaona heri niurudie utendi wenyewe, polepole, nikiwa na swali moja: huyu bibi alisema nini hasa kuhusu kunyamaza, na alikuwa anamwambia nani?

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, yule aliyemsumbua Sayyid Said wa Zanzibar miaka na miaka. Mume alifariki 1856. Mke naye akashikwa na maradhi, na mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858 hivi, akamwita binti yake Mwana Hashima aje na wino na karatasi, akae amsikilize. Beti ni mia na kidogo. Mimi si katika wanaouona utendi ule kuwa kijitabu cha kumkalia mwanamke kichwani na basi. Wako wahakiki wanaosikia kejeli ndani yake, na kuna siku nami naisikia. Lakini kabla ya kejeli na kabla ya adabu, kuna mama anayejua kwamba anaondoka na mtoto anabaki kwenye nyumba kubwa yenye maadui. Kila shauri analotoa lina haraka hiyo. Ndiyo maana bado unasomwa.

Sasa, ulimi. Mwana Kupona anamtaka bintiye awe mtu wa maneno mazuri, asipende upuuzi, asiwe wa kubishana na kila mtu, awe mwenye heshima kwa wakubwa na wadogo. Hapa ndipo wale watu wa "mshahara ni sitara" wanapochukua chao na kwenda. Wangesoma mbele kidogo wangekutana na ubeti ambao sijamsikia hata mmoja wao akiutaja: ule wa kumwonya binti asitangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, maana watamharibu.

Soma tena hilo. Kwenye utendi mzima, hapo ndipo macho ya mshairi yanapomwangukia mtu anayechota maji na kufagia. Yanamwangukia kwa sekunde moja, na kinachosemwa ni kwamba mazungumzo naye yana mpaka, na mpaka huo ni kazi. Ukimaliza kumtuma, huna la kuzungumza naye. Utumwa wenyewe ulikuja kupigwa marufuku huku kwetu mwaka 1907, karibu miaka hamsini baada ya wino ule kukauka.

Simlaumu Mwana Kupona kwa kuishi katika karne yake. Ninachosema ni kidogo zaidi na, kwa maoni yangu, kizito zaidi. Yule bibi hakuajiriwa. Hakuwahi kusimama mbele ya meza mwisho wa mwezi akisubiri bahasha. Sitara aliyoisifu ilikuwa sitara ya nyumba yake, mume wake, mali yake. Siri ilikuwa ya kwake, na faida ya kuificha ilikuwa ya kwake. Msichana anayetandika vitanda kwenye nyumba ya wageni akiambiwa afiche mshahara wake, anaificha nyumba ya nani? Faida ya siri hiyo inakaa mfuko upi? Utendi hauna jibu kwa sababu haukuulizwa swali hilo. Kumtwisha jibu maiti ambaye hakuulizwa ni uhakiki mbaya, na uhakiki mbaya huku kwetu unakula pesa za watu.

Tena kuna hili. Wasia ule ulianza kama maneno ya faragha ya mama na mwana, lakini mwishoni mama mwenyewe anaufungua, anawaambia wanawake wengine nao wausome. Alichokijua kuhusu maisha hakukificha chini ya godoro. Kwa hiyo hata tukikubali kumfuata neno kwa neno, tunamfuata mtu aliyeona kwamba maarifa ya kumwokoa mmoja yawafikie wengi.

Nyumba ya zamani ya Kiamu ina daka lake nje, penye viti vya mawe, ambapo wanaume hukaa na kuzungumza na wapitao. Ukiingia unakuta kiwanda, kile kiwanja kilicho wazi juu, jua na mvua zinashuka. Kisha ndiyo misana, kisha ndani kabisa. Kiwanda kwetu ni ua wa katikati ya nyumba. Kwingineko kote ni mahali pa mashine na mishahara. Naipenda sana ajali hii ya lugha. Kazi inafanyika kiwandani, mahali pa wazi, kila mtu anamwona mwenzie akitoka jasho. Malipo tu ndiyo yanayopelekwa ndani kabisa, gizani, mtu mmoja mmoja.

Na kuna methali yao wanayoipenda: siri ya mtungi aijuaye kata. Hutumiwa kumwambia mtu asiulize ya ndani. Lakini kata ni nini? Ni kifuu cha kuchotea. Ni chombo cha kazi. Inajua maji yaliyobaki kwa sababu inaingia mle ndani kutwa. Methali haikusema kata inyamaze, imesema kata inajua. Na ukitaka kuelewa mtungi unavyogawanywa, nikuulize: jikoni kuna kata ngapi?

Al-Inkishafi nao una pengo hilohilo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mwanzoni mwa karne ya 19, aliyatazama magofu ya Pate na kuandika shairi ambalo mimi naliweka juu ya yote yaliyowahi kuandikwa pande hizi. Majumba, taa, vyombo vya sini kwenye vidaka, halafu popo na buibui. Lakini yale majumba yanaanguka bila kuwahi kujengwa. Aliyechoma chokaa na aliyekata boriti kwenye mikoko hawana ubeti. Dunia inapita, sawa, tumekubali. Ila ilijengwa na watu kwanza.

Haya, tutoke nyumbani twende baharini, kwa sababu huko ndiko hoja ya "huu ni utamaduni wetu" inapozama.

Mvuvi wa visiwa hivi hapokei mshahara, anapokea fungu. Chombo kikirudi samaki wanauzwa, zinatolewa gharama za mafuta na barafu na chakula, kinachobaki kinagawanywa: fungu la chombo, fungu la nyavu, la nahodha, mafungu ya mabaharia. Hesabu yenyewe inatofautiana chombo na chombo, Kizingitini si Shela. Lakini hakuna baharia asiyejua fungu la mwenzie, kwa sababu bila kulijua hilo hawezi kujua kama lake ni sahihi. Nahodha akipata zaidi, kila mtu anajua zaidi kiasi gani na kwa nini. Mwenye chombo akijikatia kubwa, maneno yatamfuata kabla hajafika nyumbani. Majahazi ya biashara nayo yalikwenda hivyohivyo, baharia akila fungu la nauli ya mzigo. Hii si nadharia ya watu wa vyama vya wafanyakazi kutoka bara. Ni desturi ya Amu, ya Pate, ya Ndau, kongwe kuliko hoteli zote za Shela ukizijumlisha.

Kwa hiyo tuna tamaduni mbili, ya ndani na ya pwani. Moja iliandikwa kwa hati za Kiarabu na watu waliokuwa na karatasi. Ya pili ikabaki kwenye midomo na mikono. Hata vave, zile nyimbo za wakulima wa Kibajuni, nani anazifundisha shuleni? Tukisema "fasihi ya Lamu" tunamaanisha fasihi ya wenye majumba, na kutoka humo tunachota maadili ya kumpa mtu anayelala kwenye chumba cha wafanyakazi wanne.

Wala si kwamba sisi ni watu wa kunong'ona. Miaka ya 1970 siasa za ubunge za hapa zilipiganwa kwa mashairi ya Kimondo, watu wakivuana nguo hadharani kwa vina na mizani. Tunajua kusema sana tu. Tumechagua pa kunyamaza.

Nilikuwa nishaacha chuo niliposoma Kuli ya Shafi Adam Shafi, na labda ndiyo maana niliisoma bila kutafuta maudhui na wahusika wa mtihani. Ni riwaya ya 1979, kuhusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948, ule ulioanzia bandarini ukafunga mji. Ina kasoro zake. Kuna kurasa ambapo mtu anafungua mdomo na inatoka hotuba, unasikia kabisa mwandishi amesimama nyuma yake akimsomea. Rashidi anajifunza haraka mno, na waovu wanaujua uovu wao vizuri mno. Lakini Kuli ina kitu ambacho ni nadra kwenye rafu yangu ya Kiswahili: watu wanaoifahamu thamani ya mgongo wao kwa tarakimu, na wanaoambiana. Mazungumzo kuhusu malipo si kipambo cha hadithi hapo. Ndiyo injini. Mtu akiwa peke yake anajiona hana bahati, wakikaa kumi wanaona wameibiwa. Shafi ameitegemeza riwaya nzima juu ya badiliko hilo, na linabeba.

Huko Mombasa lilitokea mwaka mmoja kabla. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa bandari, wa reli, wa hotelini, wa majumbani. Walikutana kwenye uwanja ambao wao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Wanahistoria wakiusimulia mgomo ule wanakwenda upesi kwa Chege Kibachia na chama chake, na jinsi serikali ilivyomkamata mwezi wa Agosti ikampeleka mbali. Mimi nabaki pale kiwanjani. Fikiria boi wa mzungu wa Kizingo amesimama kando ya kuli wa Kilindini, na kwa mara ya kwanza anasikia kwa masikio yake huyu anapata ngapi. Kabla ya dai lolote kuandikwa, lazima kulikuwa na watu wawili, mmoja akamuuliza mwenzie, "Wewe wanakupa ngapi?" Swali hilo ndilo tunaloambiwa leo kuwa ni utovu wa adabu.

Sheria inasemaje? Inasema nusu. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na ya kujiunga na chama. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na ukimshtaki kwa ubaguzi, ni yeye wa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Nzuri mno kwenye karatasi. Ila kwanza lazima ujue kwamba unalipwa tofauti, na sheria hiyohiyo haina mstari unaosema wazi kwamba huwezi kufukuzwa kwa kumuuliza mwenzio. Umepewa mlango mzuri wa kuchonga, ufunguo kaachiwa tajiri. Nchini Marekani sheria ya 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa kampuni binafsi wakizungumza mishahara yao, na bado Lilly Ledbetter alifanya kazi karibu miaka ishirini kwenye kiwanda cha matairi Alabama bila kujua, mpaka mtu asiyejulikana alipomwachia kikaratasi chenye mishahara ya wanaume wenzake. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ikamwambia amechelewa kulalamika. Amechelewa! Ilibidi sheria ibadilishwe 2009. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha agizo linalokataza mwajiri kumziba mfanyakazi mdomo kuhusu mshahara wake. Sisi mshahara wa gavana na mbunge tunauona kwenye gazeti rasmi, Tume ya Mishahara na Marupurupu inautangaza, tunautukana kwenye simu zetu mpaka saa saba usiku. Wa mpishi mwenzako huujui.

Kwa sisi waandishi wa kujitegemea hata ile nusu haipo. Sheria haituhesabu kama waajiriwa. Kuna kampuni moja ya utalii, siitaji, iliyotupa mimi na mwenzangu kazi ya aina moja: maelezo mafupi ya nyumba za kupangisha, Kiswahili na Kiingereza, maneno yaleyale ya upepo na machweo. Kwenye mkataba kulikuwa na sentensi ya kutotoa siri za malipo. Tulipoambiana, yeye alikuwa anapata nusu yangu. Yeye ndiye anayeandika vizuri, na yeye ndiye mwanamke. Ile sentensi haikuwa inalinda siri ya biashara yoyote, kwani machweo ya Shela si uvumbuzi wa mtu. Ilikuwa inalinda ile nusu. Na kwa kuwa nimeligusa: makala hii nalipwa shilingi elfu sita, nusu kwanza, nusu ikitoka. Anayeandika toleo lijalo asiniulize kwa kunong'ona.

Mama yangu hakubaliani na mimi, na hoja yake siwezi kuipita kama punda amesimama njiani. Anasema wewe ukitangaza unapata ngapi, kesho ami yako ana karo, keshokutwa shangazi ana deni la duka, na asiyekuomba atakuonea kijicho. Ni kweli tupu. Kwenye mji ambapo kila mtu ni jamaa ya kila mtu, tarakimu yako ikijulikana si yako tena. Nadhani hapa ndipo neno sitara linapopata nguvu yake, na ndiyo maana meneja analipenda: amelikuta lishafanyiwa kazi. Lakini kuficha kwa shangazi na kuficha kwa mtu mnayeshika shuka moja, yeye ncha hii wewe ncha ile, si jambo moja. Shangazi akijua, nitapungukiwa. Mwenzangu asipojua, tunapungukiwa wote. Mama akasema, sawa, na huyo mwenzio akimwambia shangazi? Hapo nikacheka. Lamu ni Lamu.

Kijicho nacho tukitazame vizuri. Kinakua zaidi kwenye kubahatisha. Ukidhani mwenzio anapata elfu arobaini kumbe ni ishirini na mbili, umemchukia kwa pesa ambazo hakuwahi kuziona. Nimeona urafiki wa utotoni ukifa kwa hesabu ya kufikirika. Wavuvi wanagombana pia, tena sana, ila wanagombania fungu lililowekwa mchangani mbele ya macho yao.

Na wamewahi kulipigania kortini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Ile tarakimu ilizungumzwa barazani, msikitini, kwenye boti ya Mokowe, na watoto wa shule wakaigawanya kwa idadi ya watu kupata kila mmoja ngapi. Sikumsikia mzee hata mmoja akisema tusitiriane. Pesa ya wote ilizungumzwa na wote, na waliocheleweshewa walijua hasa wanachocheleweshewa.

Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa Mei 2021, huko Kililana. Kwa hiyo Lamu sasa ina makuli wake, wenye kofia ngumu na vizibao vya kung'aa, na madereva, na walinzi, na mama wa chakula nje ya geti. Shafi alichukua zaidi ya miaka thelathini baada ya mgomo kuipata riwaya yake. Sisi bado hatuna. Nimeona hadithi fupi mbili tatu za vijana kuhusu bandari, na zote zinaomboleza mikoko na samaki na mji wa kale, popo na buibui tena, kana kwamba Sayyid Abdalla hakutuachia njia nyingine ya kutazama. Wanaingia watu asubuhi na kutoka jioni katika hadithi hizo na msomaji hajui hata mmoja wao analipwa nini. Atakayeiandika riwaya hiyo, namwomba aanze na wawili kwenye boti ya kurudi Amu, magharibi, injini inapiga kelele kiasi kwamba wengine hawasikii, na mmoja anamwinamia mwenzie sikioni kumuuliza.